Maji Baridi, Maji ya Baridi

Hapo zamani, wala si ile zamani ya fisi kusemezana na sungura, ni zamani ya juzijuzi hivi, viyoyozi vilipokuwa vimekwisha kuingia mijini, palikuwa na mji ukiitwa Fukutoni. Kaeni vizuri. Wa nyuma sogeeni mbele, maana mwisho wa hadithi hii mimi nitauliza na nyinyi mtajibu, na sitaki mtu aniambie hakusikia.

Fukutoni kulikuwa na shida mbili. Ya kwanza ni joto. Mji ulikaa bondeni, upepo ukipita juu kwa juu kama mgeni asiyetaka kukaribishwa. Kila mwenye uwezo alinunua kiyoyozi akakitundika dirishani. Na tabia ya kiyoyozi mnaijua: ndani kinapoza, joto kinalitema nje. Sasa nje ya kwako ni wapi? Ni dirishani kwa jirani. Bwana huyu akiwasha chake, bibi yule anaiva. Bibi yule naye atauza hata kabati anunue chake, amrudishie. Mji mzima ukawa unatemeana joto mchana kutwa, na watu waliosoma chuo kimoja na kuozana watoto wakawa hawasalimiani kwa sababu ya dirisha.

Shida ya pili ni chumvi. Visima vyote vya Fukutoni vilikuwa vya chumvi. Chai ya chumvi, uji wa chumvi, sabuni unaisugua mpaka inakwisha bila povu. Maji yasiyo na chumvi, yale ambayo sisi watu wa pwani tunayaita maji baridi hata yakiwa yanatokota jikoni, yalikuwa kwenye chemchemi ya Bwana Mwinyikondo, nje ya mji, na Bwana Mwinyikondo alikuwa mtu wa kutoa kwa kijiko.

Hapo nataka mshike jambo. Maji baridi ni maji yasiyo na chumvi. Maji yaliyopozwa ni maji ya baridi. Kati ya haya na yale kuna kineno kimoja tu, "ya", kidogo hata ukikimeza hukihisi kooni. Kineno hicho ndicho kilichotaka kuupasua mji.

Mpiga mbiu wa Fukutoni alikuwa Hidaya binti Sefu. Hakuwa na mume, hakuwa na shamba. Alikuwa na pembe. Pembe ya nyati, mdomo wake umelainika kwa midomo ya babu yake, kisha baba yake, kisha yeye. Akiipuliza, hata mgonjwa alijiinua kwenye mto asikilize. Hidaya aliipenda pembe ile kupita kitu chochote alichowahi kukishika. Lakini pembe ilikuwa na sharti lake la tangu enzi: atakayeipigia neno la uongo atanyang'anywa, na atapewa yule aliyelifanya neno lile liwe kweli. Hakuna aliyewahi kunyang'anywa. Baba yake aliipiga mpaka meno yakamwisha, na hakuna siku mji ulimwambia, "Sefu, hapa umetudanganya."

Basi, siku moja akaja fundi kutoka milimani, jina lake Shelukindo. Kwao maji yote ni matamu, hajui kisima cha chumvi kikoje. Akakaribishwa barazani kwa Jumbe Kambi, akapewa chai, akainywa kwa adabu huku uso umemkunjamana, akasema:

"Wazee wangu, kila mmoja wenu ana kiyoyozi chake, na kila mmoja anampika mwenzake. Mimi nasema tujenge jumba moja la baridi, nje ya mji. Ndani yake nitaweka mashine kubwa za kupoza maji. Maji yatapita kwenye mabomba chini ya ardhi, yaingie kila nyumba, yapite kwenye kisanduku ukutani, yaache ubaridi wake, kisha yarudi kwangu niyapoze tena. Maji ni yaleyale. Yanakwenda, yanarudi."

"Na joto utalitema wapi?" akauliza Jumbe.

"Hukohuko nje, juu, kwa kunguru."

Baraza ikacheka. Lakini fundi aliposema ubia wenyewe ni wa miaka thelathini, kicheko kikakatika.

"Thelathini?" Jumbe akashika ndevu. "Fundi, hapa kuna ndoa hazijafika mfungo wa pili."

"Ndiyo maana nasema mapema, Jumbe. Mashine kama hizi hazirudishi jasho lake kwa mwaka wala miwili. Nikijenga leo nikaondoka kesho, nani atazilea? Mimi nitaleta mashine na ufundi, na nitakaa nazo. Mwenye ardhi alete kiwanja na maji ya kujazia mabomba. Mji ulete nyumba, ziwe nyingi, zilipe kidogokidogo, na zisinikimbie. Nyumba zikiwa chache, jumba litakufa njaa. Ikitimia miaka thelathini, jumba ni lenu. Mimi nitakuwa mkongwe, mtanipoza bure."

Wazee wakapenda. Wakamwendea Bwana Mwinyikondo kuomba kiwanja na maji.

"Maji ya kujaza mara ngapi?" akauliza, jicho moja amelifumba.

"Mara moja tu, Bwana. Yakishajaa yanazunguka."

"Mara moja?"

"Mara moja."

"Basi chukueni," akasema Bwana Mwinyikondo, na siku ile alijiona karimu kuliko wote waliomtangulia.

Zikabaki nyumba. Nyumba ni kazi ya Hidaya. Fundi akamwambia, "Dada yangu, watangazie hivi: maji ya baridi, kila nyumba, miaka thelathini." Hidaya akaenda nyuma ya nyumba kuyafanyia mazoezi. Baba yake alimfundisha kwamba neno la mbiu lazima litembee kwa mguu mmoja na mlio wa pembe. Akajaribu, "Maji ya baridi!" Ulimi ukajikwaa kwenye "ya". Akajaribu tena, ukajikwaa palepale. Akakitoa kile kineno, akajaribu: "Maji baridi! Kila nyumba! Miaka thelathini!" Loo! Maneno yakateleza kama samli kwenye chapati ya moto. Akafurahi, akatoka nayo.

Wapo watu hutia chumvi maneno. Hidaya yeye aliitoa.

Mji ulifurika barabarani. Wanaume kwa wanawake, wenye viyoyozi na wasio navyo, wote, "Niandike na mimi! Niandike na mimi!" Hidaya alishangaa kidogo. Alijua watu wamechoka na joto, lakini hakudhani wamechoka kiasi cha kububujikwa na machozi.

Akafika kwa Bi Kidawa, muuza chai wa pale sokoni, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kutikisa vikombe. Bi Kidawa akamrukia akamkumbatia.

"Hidaya mwanangu, Mungu akupe umri! Leo hii mimi Kidawa nitapika chai isiyo na chumvi! Miaka thelathini! Bomba mlangoni!"

Hapo Hidaya akasikia. Akaona kile kineno alichokiacha nyuma ya nyumba, kimekaa peke yake vumbini. Akafungua kinywa aseme. Lakini Bi Kidawa alikuwa bado amemkumbatia, anacheka, ananukia iliki, na nyuma yake jirani zake wanaitana waje waandikwe. Hidaya akajiambia, anatania tu huyu. Akajiambia, fundi ataeleza mwenyewe. Akajiambia mengi, na yote alijiambia kimoyomoyo. Akatabasamu, akaaga, akaenda nyumba ya pili.

Wakajenga. Fundi Shelukindo akapanga kila kitu kabla hajapiga sururu ya kwanza: mtaro upite wapi, nyumba ipi iko juu na ipi iko chini, bomba la kwenda na bomba la kurudi, yote mawili yamevikwa koti nene ubaridi usivuje njiani. Mitaro ikachimbwa mtaa kwa mtaa, ikatandikwa mchanga, mabomba yakalazwa, ikafukiwa. Maji ya Bwana Mwinyikondo yakajazwa, mara moja kama alivyotaka. Siku ya kufungua, Jumbe akazungusha gurudumu la bomba kuu.

Jamani, raha! Kwenye kila nyumba kisanduku kikapumua pumzi ya alfajiri. Watu wakalala kifudifudi juu ya sakafu wakicheka. Maharusi wakajifunika shuka mchana kweupe, na safari hii kwa baridi. Mzee mmoja alivaa koti la marehemu kaka yake akatembea chumbani mwake kama gavana. Viyoyozi vikang'olewa madirishani. Bwana Mwinyikondo, asiyependa kitu kikae bila faida, alikiuza chake kwa shemeji yake wa mji wa pili. Jirani wakafunguliana madirisha, wakaanza tena kuombana kitunguu.

Lakini chini ya furaha ile kulikuwa na swali linatembea: "Bomba la kuchotea liko wapi?"

Bi Kidawa alingoja. Akangoja. Akachungulia nyuma ya kisanduku, akasikia maji yanapita ndani, shwaa, shwaa. Maji yake! Maji aliyoahidiwa kwa pembe! Akamwita fundi wa baiskeli, akatobolewa tundu, akapachikwa kibomba. Akachota, akapika chai. Chai ilikuwa na ladha ya kutu, lakini chumvi haimo. Bi Kidawa alilia kwa furaha, akawagawia jirani. Bahati yao, fundi alikuwa hajatia ile dawa ya kuzuia kutu. Angekuwa amekwisha itia, hadithi hii nisingeisimulia kwa kicheko.

Jirani wakaona, nao wakatoboa. Na jirani wa jirani. Hakuna aliyejificha, kwa nini wajifiche? Waliona wanachukua haki yao. Kabla juma halijaisha, maji yaliyotakiwa kwenda na kurudi yakawa yanakwenda tu. Mashine zikakohoa. Zikakohoa tena. Zikanyamaza. Joto likarudi Fukutoni kama mwenye nyumba aliyetoka kidogo tu sokoni, na safari hii hakuna mwenye kiyoyozi.

Barazani kwa Jumbe siku ile hapakukalika.

"Mmenitoboa!" akafoka Fundi Shelukindo. "Mnakunywa damu ya mashine zangu! Ubia umekufa, mimi narudi kwetu!"

"Nyie ndio mlioahidi!" akajibu Bi Kidawa, mikono kiunoni. "Mbiu ilisema maji baridi. Mimi nimechota maji baridi. Kosa langu liko wapi?"

"Nilisema maji ya baridi!"

"Ya?"

"Ya!"

Baraza nzima ikamgeukia Hidaya. Hidaya alikuwa amesimama karibu na nguzo, pembe ameikumbatia. Alihisi aibu mpaka masikio yakawa yanawaka. Angeweza kusema fundi hakutamka vizuri, na wengi wangemwamini, maana fundi ni mgeni na yeye ni binti Sefu. Akasema:

"Fundi aliniambia 'ya'. Mimi nilikitoa kwa sababu kilinikwaza ulimi. Hilo ni bahati mbaya. Lakini Bi Kidawa aliponikumbatia nilijua kaelewa sivyo, na nikanyamaza. Hilo si bahati mbaya."

Akaiweka pembe magotini kwa Jumbe kabla hajaombwa. Bi Kidawa, pamoja na hasira zake zote, alijifuta macho kwa ncha ya kanga.

Watu wakaanza kuondoka, kila mtu na joto lake. Bi Kidawa ndiye aliyewarudisha. Alikuwa ametulia, anamkodolea fundi macho kama anayemkumbuka mtu.

"We fundi. Huo mtaro, si umekwisha chimbwa?"

"Umechimbwa, umefukiwa."

"Umefukiwa kwa mchanga. Mchanga unazoleka. Mabomba yako mawili yamelala humo na nafasi tele, niliona mwenyewe. Bomba la tatu jembamba haliwezi kulala pembeni, lituletee ya kunywa?"

Fundi akafungua kinywa akatae. Akakifunga. Akachora kwa kidole kwenye vumbi, akafuta, akachora tena. "Kuchimba mtaro ndiyo kazi kubwa kuliko zote," akasema polepole, "na mtaro tunao. Inawezekana. Lakini maji ya kunywa hayazunguki. Hayo yanataka chemchemi, kila siku, miaka yote thelathini."

Wakamgeukia Bwana Mwinyikondo.

"Mara moja!" akapiga kelele. "Nilisema mara moja! Mashahidi mpo!"

"Tupo," wakasema. "Nenda nyumbani ukapumzike, Bwana."

Akaenda nyumbani. Nyumbani hakuna baridi, na kiyoyozi kiko kwa shemeji. Akageuka kulia, akageuka kushoto. Akakumbuka zile siku chache alizolala kama mtoto. Mkewe akamwambia, "Ukinigusa leo na hilo jasho lako, nahamia kwa mama." Kulipokucha alikuwa mlangoni kwa Jumbe, macho mekundu: "Chukueni chemchemi. Thelathini. Lakini jumba liwake leo!"

Jumba haliwezi kuwaka leo. Matundu lazima yazibwe, mchanga uzolewe, watu warudie visima vya chumvi kwa muda, na wasitoboe tena. Nani atawashawishi? Watu waliokwisha kudanganywa hawaendi barazani kusikiliza.

Hidaya akaenda. Bila pembe, kwa mdomo mtupu, nyumba kwa nyumba, jua la utosi. "Hodi! Nimekuja kusahihisha. Yaliyo kwenye kisanduku ni maji YA baridi, hayachotwi. Yatakayokuja kwenye bomba jembamba ni maji baridi, hayo mchote mtakavyo." Wengine walimfungia mlango, akarudi kesho yake. Wengine walimtania: "Karibu Bi Ya! Leo umekuja nacho?" Watoto wakamfuata wakiimba ya, ya, ya. Alicheka nao ingawa ilimchoma, akaendelea, mpaka tundu la mwisho likazibwa.

Wakachimbua, wakalaza, wakafukia. Na siku ambayo Jumbe alizungusha magurudumu mawili badala ya moja, Fukutoni ilipata baridi ukutani na maji matamu mlangoni, na Bi Kidawa akagawa chai bure mpaka sukari ikaisha sokoni.

Sasa hapo ndipo pembe ilipoleta matata. Sharti mnalikumbuka: pembe hupewa yule aliyelifanya neno liwe kweli. Na neno lenyewe, maji baridi, kila nyumba, miaka thelathini, sasa lilikuwa kweli tupu.

Akasimama Fundi Shelukindo: "Pembe ni yangu. Bila mashine zangu na mitaro yangu mngekuwa bado mnatemeana joto. Nilitobolewa, nilidhalilishwa, na njia ya kwetu naijua, lakini sikuondoka."

Akasimama Bwana Mwinyikondo: "Nyie mnasema maji baridi, maji baridi. Ni ya nani? Chemchemi ya nani? Fundi analipwa, mji unapoa, mimi natoa. Pembe yangu."

Akasimama Bi Kidawa, kicheko kimemtangulia: "Mimi ndiye niliyetoboa! Nisingetoboa, hakuna ambaye angejua mbiu ina kasoro. Na bomba la tatu lilitoka kichwani kwa nani? Neno lilikuwa uongo, mimi nikalitafutia njia ya kuwa kweli. Sijui kupuliza, lakini nitajifunza."

Jumbe akamtazama Hidaya. "Na wewe mwanangu, una la kusema?"

Watu walitegemea atainamisha kichwa. Hakuinamisha.

"Ninalo. Naitaka pembe yangu. Nilikosea, na niliyasema makosa yangu bila kulazimishwa. Lakini fundi alihitaji nyumba nyingi, na nyumba nilizileta mimi. Mara ya kwanza nilizileta kwa pembe, na kosa. Mara ya pili nilizirudisha kwa miguu yangu, na kweli. Ubia huu umefungwa mara mbili, na mara zote mbili ni mimi niliyepiga hodi."

Baraza ikavurugika. Hawa wanasema fundi, wale wanasema chemchemi, wengine Kidawa, wengine binti Sefu. Jumbe akainua mkono.

"Shauri hili ni zito. Litakatwa kesho, mbele ya mji mzima. Haya, mji uitwe. Piga mbi..."

Pembe ilikuwa mkononi mwake mwenyewe. Akaitazama. Watu nao wakamtazama. Akaona aibu kurudi nyuma, akaiweka mdomoni, akapuliza kwa nguvu zake zote, na pembe ya nyati ikatoa sauti ambayo mbele ya watu wazima sitaitaja. Kunguru wakaruka. Bi Kidawa alicheka mpaka akakaa chini. Fundi akajaribu, yakatoka mate matupu. Bwana Mwinyikondo akaitazama tu, akasema kifua kinamsumbua. Na mikono ya Hidaya, bila kumwomba ruhusa, ilikuwa imekwisha kunyooka kuipokea. Alipoiona imenyooka, akairudisha nyuma ya mgongo wake, akangoja.

Mpaka leo anangoja, na Jumbe ameshika pembe, na mji haujaitwa, maana wa kuuita hayupo mpaka shauri likatwe, na shauri halikatwi mpaka mji uitwe.

Basi mmebaki nyinyi. Na kabla hujafungua kinywa, ewe unayetingisha kichwa pale nyuma: ungekuwa wewe, umesimama mlangoni kwa Kidawa, umekumbatiwa, unanukishwa iliki, ungeweza kusema "ya"?

Haya, semeni. Wanne wale, pembe moja. Je, nani aliistahili?